Fomu ya Casmir

Jumatano, 2 Julai 2025
Baridi. Doris kakohoa tangu alfajiri. Miezi saba tu, kifua kinakoroma kama paka. Nimemnyonyesha huku nimegeuza uso ukutani. Ujinga. Kama vile moshi unatokea mdomoni peke yake.

Sigara mbili leo. Chooni zote mbili. Halafu kutafuna majani ya mpera, halafu maji, halafu kubadili kanga.

Nazinunua dukani kwa Yassin, moja moja. Sisemi kitu, yeye mwenyewe anauliza, za shemeji? Naitikia. Mtaa mzima wa Mabwerebwere unajua mume wangu Casmir anavuta. Casmir hajawahi kuvuta hata siku moja!

Yassin anatoa moja kwenye pakiti, ananikabidhi. Pakiti yenye onyo inabaki rafuni kwake. Mimi naondoka na ile isiyo na maneno.

Redioni wamesema tena, marufuku kuvuta hadharani. Mimi hadharani sijawahi.

Ijumaa, 4 Julai 2025
Kliniki. Doris kapungua gramu mia mbili. Nesi Agness kasema ni kifua, tumwangalie.

Kabla ya kupima uzito akatufundisha habari za moshi. Waambieni baba watoto wavutie nje. Wanawake wakacheka. Mmoja akasema wa kwake akiambiwa atoke nje anatoka moja kwa moja hadi Jumatatu. Nesi naye akacheka. Akasema hospitali ya Mikumi siku hizi kila Alhamisi kuna huduma ya kuwasaidia kuacha, ushauri na dawa ya kutafuna, bure, anayetaka atamwandikia barua. Waleteni, akasema.

Waleteni. Sisi hakuna aliyetuuliza. Kidogo ninyooshe mkono. Lakini mama mkwe alikuwa pembeni yangu, kampakata Doris, anaitikia kwa kichwa kila neno.

Jumamosi, 5 Julai 2025
Nafua nguo nafikiria nilianzaje.

Tindiga, kwa bibi. Nina miaka tisa. Bibi alivuta sana, na hakuna aliyemshangaa, alikuwa mkubwa. Anakaa na wenzake wanapukuchua mahindi, ananipa sigara, Ngolo nenda kaniwashie jikoni. Kiberiti kisipotee bure na moto upo. Naichomeka kwenye kaa. Sasa sigara haishiki kwenye kaa mpaka uivute. Kila mjukuu alijua. Unavuta mara mbili tatu, ikishika unakimbia nayo. Nilikuwa nakimbia polepole.

Hakuna aliyenifundisha ubaya. Nilikuwa natumwa, na mtoto anayetumwa akaitika ni mtoto mzuri.

Bibi akivuta ni bibi. Mimi nikivuta ni malaya. Ndivyo ilivyo hapa mjini.

Jumapili, 6 Julai 2025
Leo nimeamua, hakuna. Nikaenda kanisani. Nikapika. Hadi saa nane chumvi nimeshatia mara mbili. Doris analia, nimembeba, nimemwimbia, analia tu. Nikamfokea. Mtoto wa miezi saba. Akanyamaza kwa woga akaniangalia.

Saa kumi nilikuwa kwa Yassin.

Sijui kama serikali inataka niache au inataka nisionekane. Kama ni kutoonekana, nimeshatii tangu nimeolewa.

Jumatatu, 7 Julai 2025
Mama mkwe kaokota kipisi nyuma ya choo.

Akaja nacho uani, kakishika kwa jani. Casmir alikuwa anaziba pancha ya baiskeli ya mteja. Mimi nilikuwa kwenye beseni, nguo za mtoto.

Hakupiga kelele. Alisema taratibu, ndiyo mbaya zaidi: "Baba yako alifanya kazi reli miaka ishirini na saba, akafa anakohoa hapa hapa. Na wewe unataka kumkohoza mjukuu wangu?"

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua.

Casmir akasema, "Nisamehe, mama. Ni mimi."

Akaendelea kusugua tyubu na msasa. Mama akalia kidogo, akafuta macho, akasema kesho mguu kwa mguu kwa Nesi Agness kuchukua barua ya Mikumi.

Mama alipoingia ndani nikamuuliza Casmir, umejua lini? Akasema tangu uchumba. "Mama Doris, nani anakula majani ya mpera kila siku kama mbuzi?"

Nikacheka. Halafu nikalia kwenye beseni la nepi.

Jumatano, 9 Julai 2025
Barua imepatikana. Imeandikwa Casmir. Alhamisi ya wiki ijayo.

Mpango wetu: yeye aingie, apewe dawa, aniletee. Rahisi. Mama mkwe anampikia uji wa ulezi, anampa moyo. Majirani wanampongeza. Yassin kamwambia shemeji umekuwa mwanaume. Mimi hata kununua siwezi tena, nitaomba za nani?

Leo moja, niliyoificha kwenye unga. Doris kakohoa hadi katapika.

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kuna kitu kinaniuma. Hiyo dawa watampa ya kipimo cha mwanaume. Asiyenyonyesha. Ikiingia kwenye maziwa? Casmir anasema atauliza. Nikamuuliza, utaulizaje, wewe unamnyonyesha nani?

Alhamisi, 17 Julai 2025
Mikumi. Naandika kwenye benchi, nyuma ya daftari la kliniki.

Tumetoka Kilosa na basi la asubuhi. Mama mkwe kakataa kubaki. Kasema anataka asikie kwa masikio yake. Kakaa katikati yetu, Doris mapajani.

Nesi wa hapa ni kijana, Wenceslaus, mpole. Kampa Casmir fomu, kasema ajaze hapa nje kisha waingie wazungumze. Casmir kaiangalia, kanipa. Eti mimi ndiye mwenye mwandiko.

Mama akasema, soma kwa sauti.

Nikasoma. Ulianza ukiwa na miaka mingapi? Casmir akaniangalia. Tisa, nikasema. Mama akashtuka, tisa! Wapi, mbona sikujua! Casmir akainamisha kichwa. Baada ya kuamka unavuta ya kwanza baada ya dakika ngapi? Akaniangalia tena. Nikaandika tano. Umewahi kujaribu kuacha? Ndiyo. Nini kilikushinda? Hapo mkono wangu uliandika wenyewe mistari mitatu, ikatoka nje ya kisanduku.

Mama akauliza, umejuaje yote hayo na yeye hajasema? Nikasema mke anajua.

Limebaki swali la mwisho. Hilo sijalisoma. "Kwa wanawake: je, una mimba au unanyonyesha?"

Naweza kuliruka. Jina la juu ni la mwanaume, nani atauliza. Tutapewa dawa, tutarudi nyumbani, nitakisia kipimo mwenyewe. Na Doris atakunywa nilichokisia.

Mama anauliza, bado mengi?

"Bado moja, mama."

Soma basi.

Doris kaanza kulia. Ananyoosha mikono kwangu, ananusa maziwa. Nimemchukua. Nimemweka titini hapa hapa, daftari gotini, fomu juu yake.

Nesi kafungua mlango. Kasema, Casmir karibu ndani na fomu yako.

Nimetia vema kwenye Ndiyo. Casmir kaona. Mama hajaona bado, anatafuta miwani kwenye mkoba. Nesi kanyoosha mkono, na Casmir hanyanyuki, ananisubiri mimi ninyanyuke.