Kifurushi cha Samaki Mkavu

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi kwa barafu ya kiwandani, ninakopasua samaki mpaka leo.

Ulisema daktari amekukataza nyama nono. Nimekutumia samaki mweupe wa bahari ya baridi. Protini tele, mafuta kiduchu. Ana vitamini B12 ya kusaidia damu na madini joto kwa tezi ya shingo. Mbichi angeoza njiani, nimekununulia mkavu. Kula kila siku, usijinyime.

Kakako

20 Machi

Kaka, shikamoo.

Sisi hatujambo. Kifurushi kimefika. Bwana wa posta alikishika kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Mama, humu mna maiti?" Nikamwambia, "Ndiyo, lakini ana vitamini."

Nakula kila siku kama ulivyoagiza. Namkata, namtia sufuriani na nyanya, basi. Kiu tu ndiyo inanisumbua, na viatu vimeanza kunibana. Uzee haupigi hodi.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu baadaye. Ulimloweka? Huyo amekaushwa kwa chumvi! Hulowekwa siku mbili, maji yakibadilishwa asubuhi na jioni, ndipo apikwe. Huku hata mtoto anajua, ndiyo maana sikukumbuka kukuandikia. Na kwamba una presha uliniambia miaka mitatu iliyopita; barua hiyo nimeikuta leo chini ya vitabu.

Acha kumla. Nenda ukapimwe. Nijibu haraka.

Kakako

6 Mei

Mdogo wangu,

U mzima? Sijapata neno. Nimesoma vitabu vyote hivi, nikakujazia barua vitamini, nikashindwa kuandika neno moja: loweka. Nisamehe. Andika hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Kakako

11 Juni

Kaka, shikamoo.

Nililazwa wiki tatu. Sasa presha imeshuka na miguu imerudi kuwa yangu. Usijitafune. Ulimi ninao, kaka. Chumvi niliionja siku ya kwanza. Lakini kwa miaka ishirini na sita tangu uondoke, hicho ndicho chakula cha kwanza kutoka mkononi mwako. Ningekimwagaje?

Daktari anasema samaki huyo ananifaa kweli, ila asiwe wa chumvi. Nikamwambia wa namna hiyo hatumwi kwa posta, huletwa na mtu. Akaniuliza mtu huyo anakuja lini. Nimemwahidi kwamba nitakuuliza.

Mdogo wako