Wifi, Ni Risasi Tu

Sanduku la Posta 41,
Toivola, Michigan.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu Elma,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu kwenye baridi, zikufikie huko Arizona unakoota jua kama mjusi. U hali gani? Goti limeikubali dawa mpya au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mwanao Janelle, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku ni wazima, na leo neno hilo naliandika kwa moyo mkunjufu, si kwa mazoea ya barua. Theluji imefika chini ya dirisha la jikoni, lakini kuni zipo na kahawa ipo.

Najua ulikuwa unangoja simu. Jumapili niliishika nikairudisha, maana nilijua nitalia nawe utashtuka bure. Kwa hiyo naanzia mwisho: kaka yako hana ugonjwa wa baba yenu, ule wa kutetemeka. Soma tena hapo, kisha kaa chini nikueleze.

Unakumbuka wakati wa Krismasi nilikuambia mkono wa Reino unatetemeka. Ukaniuliza ni mkono upi, nikasema wa kulia. Nilijua unaitazama mikono yako mwenyewe. Siku ile sikukuambia yote, wifi. Kahawa ilikuwa inamwagika kwenye kisahani kila asubuhi. Tumbo lilikuwa linamsokota, jina la mbwa lilikuwa linampotea, na mtu mpole kama yule alikuwa ananifokea kwa sababu ya kijiko. Novemba, msimu wa kuwinda, kulungu dume alimsimamia mbele kama ng'ombe wa maziwa, na Reino akashindwa kuituliza bunduki. Alirudi nyumbani akakaa ndani ya gari mpaka nilipotoka kumwita.

Kisha akaanza kunifundisha kuwasha mashine ya kusukuma theluji. Miaka yote hataki hata niiguse, eti nitaiharibu. Nikamuuliza kulikoni leo. Alijibu bila kuinua macho.

"Baba alianza hivihivi."

Nilivuta ile kamba mpaka mashine ikawaka, nikazunguka nayo uani ili asinione uso.

Sasa nikupe kisa chenyewe, na usicheke kabla sijamaliza. Unajua kwamba kaka yako tangu astaafu anajitengenezea risasi. Anaomba vile vyuma vya kusawazishia magurudumu kwenye magereji, anaviyeyusha, anamimina kwenye kalibu. Kwa bunduki yake ya zamani, ile ya kukoki kwa mkono, mambo yalikuwa shwari. Mwaka juzi akanunua ile nyeusi inayojikoki yenyewe, ya kaliba ndogo, yaani mtutu wa tundu jembamba, mia mbili ishirini na tatu, akaapa kwamba nayo itakula risasi za nyumbani.

Arvo, jirani yetu, alimwonya tangu siku ya kwanza. Alisema bunduki za namna hiyo hujikoki kwa nguvu ya moshi wa baruti, na kaliba ndogo hukimbiza risasi kwa kasi mno. Risasi laini ya kumimina hubaki imepakaa mtutu mzima, na kile kitundu cha kupitishia moshi huziba. Akamshauri atafute kaliba nene zaidi yenye mwendo wa pole, ile ya mia tatu, au hata mia nne na hamsini wanayowindia watu wa kusini mwa jimbo.

"Risasi ya kumimina haitaki haraka, bwana," alimwambia mezani kwangu, mkate wangu wa iliki umemjaa mdomoni. "Wewe unaikimbiza kama umeiiba."

Reino akamjibu kwamba bunduki anayo tayari, na hatanunua nyingine kwa sababu tu Arvo ana mdomo. Kichwa cha kaka yako unakijua, mlilelewa nyumba moja.

Basi ubishi huo ukala majira mawili ya baridi. Alibadilisha mchanganyiko, akabadilisha kalibu, akapunguza baruti, na kila mara ilikuwa yaleyale: anapiga kidogo, bunduki inagoma, anarudi kukwangua mtutu. Kisha anayeyusha tena, anamimina tena. Angekubali kaliba nyingine angekuwa na ndoo yake moja ya risasi na shughuli imekwisha. Mimi nilikuwa najisemea moyoni, afadhali yupo hapa kuliko baa.

Na unadhani alikuwa akifanyia wapi? Kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha sauna yetu ya kuogea mvuke, wifi, kwa sababu mle kuna joto. Mlango ameufunga, dirisha ameliziba kwa blanketi kuukuu. Ikifika Jumamosi tunasogeza sufuria lake pembeni, tunavua nguo, tunaingia kuoga. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi chetu tulikuwa tunakitundika pamoja na taulo.

Januari nilimburuta mpaka hospitali, tukitaka barua ya kumwona bingwa wa neva. Daktari alikuwa binti mgeni, hakukulia huku. Alimsikiliza Reino akisimulia habari za baba yenu mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza mikono hiyo inashika nini siku nzima. Reino akasema haishiki kitu, amestaafu. Nikamdakia hapohapo.

"Anamimina risasi kwenye sauna."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ndani? Na mlango umefungwa?"

"Binti yangu, huku ni Januari," Reino akasema. "Nani anaacha mlango wazi?"

Wakamtoa damu, na mimi wakanitoa yangu.

Simu iliita nikiwa nakanda unga. Daktari akasema mzee ana risasi nyingi mwilini. Maskini mimi, nikamwambia haiwezekani, hakuna aliyempiga, ningeona hata tundu. Ikabidi anieleze polepole kwamba anasema yale madini yenyewe, kwamba yamo kwenye damu, na hayo ndiyo yanayoutikisa mkono, yanayolisokota tumbo na kumwibia majina. Nikauliza, na ule ugonjwa mwingine je? Akasema haoni dalili hata moja ambayo risasi haiielezi, na kwamba sumu hiyo inatibika.

Nikajikuta nimeketi sakafuni na unga mpaka kwenye viwiko. Reino akaja mbio akidhani nimepewa habari ya msiba.

"Ni risasi tu, mume wangu," nikamwambia. "Ni risasi tu."

Tukacheka kama wendawazimu wawili, kisha yeye ndiye aliyeanza kulia. Sijui kama yupo mke mwingine aliyewahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa mumewe amekula sumu.

Damu yangu mimi ilikuwa na kidogo, si ya kutisha. Yeye akaandikiwa vidonge vinavyonuka mayai viza, nyumba nzima ikanuka, na sikulalamika hata siku moja. Arvo alikuja amejifunga barakoa, akabomoa mbao zote za kile chumba na kuzifungia kwenye mifuko. Reino hakuruhusiwa kusogea, kwa hiyo alikaa dirishani akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia. Wanawake wa kanisani walituletea chakula kana kwamba tumefiwa, nikakipokea chote.

Kuhusu kaliba, mapatano yamefikiwa. Mapema wiki iliyopita Reino aliniambia, "Mwambie Arvo alikuwa sahihi, lakini usimwambie nimesema mimi." Arvo alikuwa ameketi palepale, anachovya mkate kwenye kahawa. Ile ndogo itapigiwa risasi za dukani. Ya kumimina itakuwa ya mia tatu, taratibu, na atakayemimina ni Arvo, kwenye banda lake lisilo na ukuta upande mmoja. Daktari amemkataza Reino kuyeyusha chochote, hata nje, na safari hii ametii. Nadhani ameogopa kweli.

Juzi wamempima tena, jambo nililokuwa nalingoja kabla ya kukuambia, na kiwango kimeshuka sana. Tumbo limetulia. Mbwa anaitwa kwa jina lake. Jana kaka yako alikaa kwenye barafu ya ziwa akafunga ndoano kwa uzi mwembamba mno, mikono mitupu, nami nimesimama nyuma yake najifanya natazama miti. Namshukuru Mungu, wifi.

Sasa sikia lililo lako wewe. Hiyo juzi, tulipokuwa tunatoka hospitali, Reino alisimama ghafla kwenye maegesho. Alikuwa amekumbuka kwamba baba yenu naye alikuwa akiyeyusha risasi kila majira ya baridi, ya kutengenezea vizito vya nyavu, katika sauna ileile, na ninyi watoto mkikaa mlangoni kwa sababu palikuwa na joto. Tukarudi ndani kumuuliza daktari. Akasema hawezi kuapa juu ya mtu ambaye hakupimwa, naye ameshazikwa. Lakini baada ya kusikia yote, akasema, angekuwa yeye asingeuita ule ugonjwa wa ukoo. Na akataka wewe na Janelle mpimwe damu huko mliko, ili mlale usingizi.

Kiangazi uliniambia yule Bwana Ruelas amekuomba mwoane, umemkatalia kwa sababu ya umri. Wifi, mimi si mtoto. Ulimwona mama yenu akimlisha baba kwa kijiko miaka ile yote, ukaapa hutamfanya mtu yeyote mwuguzi wako. Nilijua, nikanyamaza, kwa sababu nami niliamini ugonjwa uko kwenye damu yenu. Sasa siamini. Nenda kapimwe, halafu umpikie yule mzee kahawa umwambie ulikosea.

Msalimie Janelle na mumewe, na watoto wao wapige busu kila mmoja. Arvo anakusalimu, anasema ulimshinda karata, nawe bado una deni la kumpa nafasi ya kulipiza. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo wa kukubali jambo jema linapobisha hodi.

Ni mimi wifi yako akupendaye, wa leo na wa siku zote,
Lempi

Nyongeza: Usiitupe bahasha. Itazame tena vizuri. Anwani yako ameiandika Reino, kwa mkono wa kulia.