Mgonjwa wa Birkat al-Mauz

Sur, 10 Februari 1988

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na dada Badriya na watoto wake. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila kazi ya idara ya maji haina mwisho na vumbi la Sur limenikaa kifuani.

Mama, Badriya ameniandikia kwamba umejiunga na nadi, hiyo klabu ya wazee hapo Nizwa, nyumbani kwa Bimdogo. Anasema mnakaa asubuhi nzima mnacheza karata, mnapiga ngoma ya lelemama, na kila neno ni Kiswahili, sauti inafika barabarani. Nimesoma uso ukaniwaka. Tumerudi Oman huu mwaka wa kumi na sita. Watu bado wanatuita Wazanzibari, na sisi wenyewe tunawapa sababu. Mimi ofisini nasema Kiarabu mpaka nasahau nilikozaliwa, na mama yangu anagonga pembe ya ngoma pamoja na vizee visivyo na kazi!

Nakwambia haya kwa sababu kuna jambo. Kuna binti hapa anaitwa Sabah, mwalimu, ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa Sur. Nataka kumposa. Watu kama hawa huchungua sana. Basi iache hiyo nadi mpaka harusi ipite. Jina yangu hapa ni safi, usinichafulie.

Mwanao,
Tuwaini


Nizwa, 19 Februari 1988

Mwanangu Tuwaini,

Marahaba. Sisi hatujambo. Badriya mzima, na ulimi wake mzima zaidi, kama ulivyoona. Wanawe wana mafua lakini wanakula kama nzige. Na wewe hicho kifua kitie mafuta ya habasoda, usikae ukilalamika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani, ya pili kwa hasira. Umeandika "jina yangu." Jina ni langu, mwanangu, si yangu. Kiswahili kimekutoka, na Kiarabu chako najua mimi kilivyo, Badriya hunisimulia. Umekuwa popo, kwa ndege humo na kwa wanyama humo.

Usidhani nnaitetea nadi. Nadi yenyewe kichekesho. Bimdogo amejifanya mkubwa wetu; kiti chake kina mto, vyetu havina. Ana kengele ya mbuzi, mtu akisema neno asilolipenda huigonga. Upande wa wanaume yupo Mzee Khalaf, kila Jumatatu anatuhutubia juu ya faida ya kutembea kwa miguu, na mwenyewe huletwa kwa gari kutoka nyumba ya tatu. Marzouq anacheza bao peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto, na bado anaiba kete. Na hiyo lelemama! Marehemu mama yangu angeisikia angeomba arudishwe kaburini. Nusu yao Unguja hawakucheza hata siku moja, walikuwa wakichungulia dirishani.

Lakini nitakwenda. Badriya yuko skuli, watoto wako skuli, na mimi na ukuta tumeshaambiana yote tuliyokuwa nayo. Kule angalau nna watu wa kuwadharau.

Huyo Sabah, mashallah. Niambie lini tuje kuposa. Nitavaa vizuri, sitakutia aibu.

Mama yako


Sur, 9 Machi 1988

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai hujambo na miguu haikusumbui. Kifua changu kimepoa.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa kina Sabah na ami Harub. Walitupokea vizuri, kahawa, halwa, kila kitu. Ami Harub alisema maneno mazuri. Wameomba muda wafikirie, lakini nyuso zao zilikuwa za kukubali. Usijisumbue kuja Sur, njia ndefu.

Badriya anasema nadi yenu inapanga kwenda kuvunja jungu mwisho wa Shaabani, bustanini, hadharani, na ngoma. Mama, hayo ya Unguja yaacheni Unguja. Hapa watu wanaingojea Ramadhani kwa utulivu. Vizee hao hawana cha kupoteza. Wewe unacho: mimi.

Mwanao,
Tuwaini


Nizwa, 27 Machi 1988

Tuwaini,

Marahaba. Miguu ni mizima. Nimekaa siku nyingi bila ya kukujibu maana kila nikishika kalamu natoa maneno ambayo mama haandiki.

Umekwenda kuposa bila ya mimi. Na nani? Na Harub, ambaye hajui hata kama ulizaliwa masika au kiangazi! Mimi niko hai, nna meno, nna baibui jipya. Katika ukoo wetu hakuna mwanamme aliyeposa mama yake akaachwa nyumbani kama mtungi mbovu.

Unasema kuvunja jungu ni aibu. Watu wanakwenda kwenye mitende, wanapika, wanakula pamoja mchana kwa mara ya mwisho kabla ya saumu, wanasameheana. Ukiona aibu hapo, basi umeingia nayo mwenyewe.

Watu wa Jabali, huko juu mlimani, wameanza kushusha marashi ya waridi sokoni. Nadi imenunua chupa moja, na Bimdogo anatugawia kwa kijiti, tone tone, utadhani dawa ya macho. Nikamwambia, "Shoga, hata wewe ukijimwagia chupa nzima, sura itabaki ileile." Akagonga kengele.

Sasa nijibu. Hao watu waliniulizia? Umewaambia nini?

Mama yako


Sur, 4 Aprili 1988

Mama,

Shikamoo. Natumai mko wazima wote.

Bila shaka wamekuulizia. Nimewaambia mambo ya kawaida tu, usiyachimbe. Wameipokea posa, pete imepelekwa. Bado kidogo tu. Nakuomba, mwezi huu kaa ndani, pumzika.

Mwanao,
Tuwaini


Nizwa, 16 Aprili 1988

Tuwaini,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu Sur wameambiwa vingine.

Juzi Alhamisi tulikwenda Birkat al-Mauz kuvunja jungu, chini ya mitende, pale mfereji wa falaj unapopita. Tulikuwa magari matatu ya vizee, kama unavyotuita. Wanawake wakapika pilau na samaki wa kupaka. Mzee Khalaf akatuhutubia juu ya kutokula kwa pupa, sambusa imemjaa mdomoni. Baadaye wakaanza lelemama, na yule aliyeshika pembe alikuwa akiua mapigo kabisa. Sikustahamili. Nikamnyang'anya, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia mbele. Ndiyo, mimi. Na walinyooka.

Nimo katikati, jasho linanitoka, gari ikasimama njiani. Akashuka bibi mmoja mrefu mwenye mkongojo, na binti nyuma yake amebeba kikapu cha machungwa na chupa ya asali. Walikuwa wamefika kwanza nyumbani, jirani ndiye aliyewaelekeza. Bibi akauliza kwa Kiarabu, "Jamaa zake Turkiya, mama yake Tuwaini, ndio nyinyi? Tumekuja kumtazama mgonjwa, nyumbani hatukukuta mtu."

Nikasema, "Mgonjwa gani?"

"Huyo Turkiya. Mwanawe ametwambia yuko kitandani mwezi wa tatu, hainuki wala hasemi. Tukaona haya kupokea posa na mama mtu hatujamjulia hali."

Pembe ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikafahamu kila kitu mara moja: Harub, njia ndefu, "kaa ndani, pumzika." Na mimi, mjinga niliyekuzaa, nikakusitiri. Nikasema, "Turkiya ni mimi. Nimepata nafuu, alhamdulillahi. Juzi juzi tu."

Bimdogo akagonga kengele. "Nafuu ya nini? Turkiya huyu? Tangu alipoingia nadi hajakosa hata siku moja, hajapiga hata chafya! Jana kanifunga karata mpaka nikamtukana!"

Hata Khalaf akaacha kutafuna.

Yule bibi alinitazama miguu mpaka kichwa. Kisha akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha mji hasa, mwanangu, kama mtu wa mtaani kwetu: "Basi ndiyo mnakaa mkitutolea macho? Mgeni hakaribishwi kwenu siku hizi?"

Huyo ni Bibi Kaltham, bibi yake Sabah, na yule binti wa kikapu ndiye Sabah mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa na duka Malindi, ile ya Unguja mjini, na yeye kakaa Unguja tangu bi harusi mpaka akapata wajukuu. Umekificha Kiswahili kwa watu wanaokijua kuliko wewe. Umekwenda kwao mara ngapi, hukuwahi hata kumwuliza bibi wa watu ameishi wapi? Ulikuwa unatazama milango yao ya kitajiri tu.

Bibi Kaltham alikula, na akacheka na Marzouq. Sabah hakula. Alikaa pembeni yangu, binti mwenye adabu, macho chini. Akaniuliza polepole kwa Kiarabu, "Mama, ni kweli hukuumwa?"

Nikajifungua kanga kiunoni.

Akasema, "Alinisimulia anavyokulisha kwa kijiko akija Nizwa. Nililia." Akakisogeza kikapu kwangu. "Mtu anayemlaza mama yake kitandani kwa ulimi, mimi nikizeeka si atanizika ningali hai?"

Akanibusu mkono, akaenda kukaa garini mpaka bibi yake alipokwisha kula.

Kwa kijiko, Tuwaini? Tangu mwaka jana hujaja hata kunywa chai.

Hawa watu wa nadi nimewacheka tangu siku ya kwanza, na nitaendelea kuwacheka maana wanastahiki. Lakini siku ile, walipoondoka wageni, hakuna aliyeniuliza kitu. Bimdogo alinikalisha kwenye kiti chake, akanimiminia chai, akawafukuza wanaume. Nilikuwa nadharau upande usiopaswa.

Saumu njema.

Mama yako


Sur, 28 Aprili 1988

Mama,

Wamerudisha posa. Pete, nguo, vyote, vimeletwa na dereva mpaka mlango wa ofisi, wenzangu wanaona. Umefurahi?

Mimi nimeanza kazi hapa nikiwa si mtu. Wananiuliza kabila, wananiuliza mama yako nani, wakinisikia herufi moja nimeikosea wanatazamana. Wewe hujui. Wewe unakaa na vizee vyako mnachekeana. Nimejijenga polepole, na yote imevunjwa na pembe ya nyati na mwanamke mwenye kengele ya mbuzi. Uongo wangu ulimdhuru nani? Ungekaa ndani kama nilivyokuomba, leo ningekuwa na mke.

Bado kuna njia. Kwao kauli ni ya Bibi Kaltham. Nimepata habari kwamba atakuja Nizwa baada ya Idi kukuona. Mwambie uliumwa kweli, ukapata nafuu ghafla siku zile. Mwambie Bimdogo ana kichaa kidogo, hajui asemalo. Maneno hayo tu. Mama gani atamnyima mwanawe maneno mawili?

Idi sitakuja. Nina kazi.

Tuwaini


Nizwa, 26 Mei 1988

Mwanangu Tuwaini,

Salamu. Idi imepita. Badriya alikuwekea sahani mpaka jioni, kisha watoto wakaila. Natumai wewe u mzima.

Bibi Kaltham alikuja Jumatatu. Hakuja nyumbani, alinifuata nadi, na nnadhani alifanya makusudi. Tukakaa ukumbini, wengine wakajitia wanashona kofia, masikio yote kwetu. Hakuzunguka. Alisema, "Turkiya, kijana ana kazi, ana sura, na mjukuu wangu bado analia usiku. Mimi ni mzee, nimeona waongo wengi, na wengine walinyooka wakishaoa. Nikisikia kwa mdomo wako kwamba uliumwa, hata siku tatu, nitamwambia Sabah tulikosea. Sitauliza la pili."

Usidhani jibu lilikuwa jepesi. Niliiona nyumba yako, nikawaona watoto wako wakiniita bibi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kisha nikajiona mimi mwenyewe katika nyumba hiyo, wageni wakifika naambiwa, "Mama, ingia chumbani, na usiseme." Hilo ningelivumilia, mama huvumilia. Lakini nikamwona yule binti naye, siku atakapozeeka au kuumwa au kutopendeza mbele ya wakubwa zako, anaambiwa aingie chumbani. Nani atakayekuwapo kumtazama?

Nikasema, "Bibi, sikuumwa."

Akaniwekea mkono gotini. "Hata homa?"

"Hata homa. Na Bimdogo hana kichaa. Ana kiburi na hajui kupika, lakini uongo sijamsikia nao."

Akatikisa kichwa, akaomba maji, akaondoka.

Basi mke huna, na ni kwa neno langu. Nimekuandikia mwenyewe ili usije ukalisikia kwa Harub. Nichukie ukitaka. Wanaokutazama ofisini ukikosea herufi ni wapumbavu, na ningekuwa hapo ningewaambia. Lakini wewe uliwasadiki. Ulikwenda nao pamoja kunitazama mimi kwa macho yao, na hilo ndilo linaloniuma, zaidi ya kijiko, zaidi ya kitanda.

Nililia siku mbili. Ya tatu nikaenda nadi.

Chumba chako kipo. Badriya alikuwa ameweka magunia ya mchele humo, nimemwambia ayatoe. Ukija usije usiku, na usiniletee zawadi. Njoo Jumatatu asubuhi, nyumbani kwa Bimdogo, watu wote wakiwapo, na unisalimie mbele yao kwa sauti ya kusikika.

Mama yako,
mzima wa afya