Kipa wa Nje ya Ukuta

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka nyumbani, kutoka chumba hiki hiki cha mbele ulichokuwa ukisomea mitihani yako, ambacho siku hizi kimejaa cherehani yangu na vitambaa vya watu. Natumaini wewe na wifi hamjambo, watoto wanasoma vizuri, na lile goti lako limeacha kukusumbua. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye anaendelea. Mkono wa kulia bado mzito na ulimi bado unamkwama, lakini sasa anashika kijiko mwenyewe, na juzi alinigombeza kwa kuzidisha chumvi kwenye supu. Nilifurahi kugombezwa, usiniulize kwa nini.

Simu zako ninaziona. Sizipokei kwa sababu nakujua. Kwenye simu una maneno matamu, ungenikatiza, ungenichekesha, na mwisho wa yote ningejikuta mimi ndiye ninayekuomba radhi. Barua huwezi kuikatiza. Kwa hiyo kaa kitako unisome mpaka mwisho. Nitakusimulia tangu mwanzo kana kwamba huyajui haya mambo, hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Ukuta wa nyuma ya chumba cha mama ni ule ule, ukuta wa uwanja wa klabu. Tumekua nao. Mpira ukivuka, wewe ndiye uliyeudaka uani kabla haujaangukia nguo za mama kwenye kamba, ukaurudisha kwa teke moja, mpaka wachezaji wakakupa jina la Kipa wa Nje na kukuachia uingie bure kila mechi. Mimi niliokota ile iliyokuponyoka na hakuna aliyenipa jina, lakini hilo sina kinyongo nalo. Mechi hazikuwahi kutuudhi. Watu wanapiga mayowe, wanafungwa, wananuna, wanakwenda zao. Mama alikuwa akijua matokeo akiwa jikoni, kwa kusikiliza tu.

Kilichotuudhi ni matamasha. Klabu iliposhuka daraja na viti kubaki vitupu, viongozi wakaanza kuukodisha uwanja kwa wanamuziki, wahubiri, maharusi wenye uwezo na yeyote mwenye spika kubwa kuliko kabati. Wanaziegemeza kwenye ukuta wetu kwa sababu upande huo ndiko umeme uliko. Zikianza kudunda, vikombe vinatembea kabatini. Mimi naweza kuvumilia, najitia pamba masikioni nashona. Mama hawezi. Tangu apate kiharusi, mdundo ukianza anashika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mmoja mzima na kuniambia nyumba inaanguka, tutoke. Kesho yake hali chakula, na ule mkono tulioufanyia mazoezi wiki nzima unarudi kuwa gogo. Daktari alitueleza sote wawili, nawe ulikuwa umesimama pale pale miguuni pa kitanda, kwamba dawa ya kwanza ya mama ni utulivu. Ulitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Basi klabu ikaomba kibali cha kudumu cha kufanya matamasha, maana hadi wakati huo walikuwa wakiomba kimoja kimoja. Wakazi tukakataa. Mwalimu, huyu jirani yetu mstaafu aliyetufundisha hesabu sote, akachaguliwa kutuongoza, na mimi nikawekwa kuwa msaidizi wake kwa sababu nyumba yetu ndiyo iliyo karibu kuliko zote. Kwenye kikao cha kwanza ukumbi uligawanyika, wakazi huku, mashabiki kule. Fundi baiskeli, ambaye ni mkazi na ni shabiki wa kufa mtu, alikaa katikati amevaa jezi nje ndani. Tulicheka siku hiyo. Tulikuwa bado tunacheka.

Afisa wa vibali akasema hataki machozi ya wakazi wala nyimbo za mashabiki, anataka vipimo. Atakuja na chombo chake siku ya tamasha bila klabu kujua, asimame chumbani kwa mama, apime kelele. Zikizidi kiwango, kibali hakuna. Baadaye alipita kimya kimya akamtajia siku Mwalimu, na akanitajia mimi, kwa sababu lazima mtu amfungulie mlango. Tukaahidiana kufunga midomo. Mwalimu hakumwambia hata mumewe, mzee ambaye yeye humsimulia mpaka ndoto zake.

Mimi nikakuambia wewe.

Ulipiga simu kumuulizia mama, kama kawaida yako, nami nilikuwa na furaha imenijaa mpaka kooni. Nikakuambia mwenzangu, mambo yamekwisha, Jumamosi afisa anakuja kupima na klabu hawana habari, mama atapumzika. Nilipoahidi kutomwambia mtu, kaka, wewe sikukuhesabu kama mtu. Nilikuhesabu kama mimi. Nawe ukaniambia nimefanya kazi nzuri, ukanitania kuwa ningefaa kuwa diwani.

Jumamosi ikafika. Afisa akaja na chombo chake, akavua viatu mlangoni kwa heshima, akasimama kando ya kitanda cha mama. Tukasubiri mdundo. Loo! Muziki ulioanza huko ng'ambo ungeweza kupigwa wodini. Spika zilikuwa zimegeuzwa kuelekea barabarani. Mshereheshaji, yule ambaye siku zote hubweka, siku hiyo alikuwa akisema tafadhali na asanteni. Nikamwapia afisa kwamba hivi sivyo, kwamba tamasha lililopita kioo cha dirisha kilipata ufa, nikamwonyesha ufa wenyewe. Akautazama, akamtazama na mama. Mama alikuwa amelala fofofo, anakoroma. Jamani, miezi yote ile namwombea mama usingizi, na siku alipoupata nilitamani kumwamsha. Afisa akaandika alichopima, akavaa viatu vyake akaenda.

Wewe ulipiga simu jioni ile ile. Nikakusimulia kila kitu mpaka kukoroma kwa mama, nikalia, ukanibembeleza. Ukaniambia labda klabu wamebadilika, wamekuwa waungwana. Nami nikaona una moyo mzuri kuliko mimi.

Kibali kikatoka, cha mwaka mzima. Hapo ndipo watu walipoanza kukuna vichwa. Waliojua siku ile walikuwa afisa, Mwalimu na mimi. Afisa angekuwa upande wa klabu asingejisumbua kuja. Mwalimu ndiye aliyeanzisha vita. Nikabaki mimi. Hakuna aliyenitukana; wangenitukana tungekuwa tumemaliza. Waliniachia kimya. Jirani wa pili akaja kuchukua kitambaa chake cha gauni, eti amebadili mawazo, na mimi nilikuwa nimekwisha kukikata. Akakichukua hivyo hivyo vipande vipande. Fundi baiskeli akaacha kunisalimia, na yeye ndiye mwenye jezi!

Mwalimu peke yake ndiye aliyekuja kuniuliza ana kwa ana, tukiwa chumbani kwa mama. Aliniuliza kwa upole kama nilimwambia yeyote. Nikamwambia ukweli, kwamba nilikuambia wewe tu. Akaniuliza kama nina hakika nawe, kwa kuwa anakumbuka jinsi ulivyoipenda klabu hii. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia huyo unayemsema ni mtoto wa huyu mama aliyelala hapa, hawezi. Nikaapa kwa afya ya mama kwamba siri haikutokea nyumbani kwetu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mguu wa mama nilipokuwa naapa. Mwalimu akaniamini, akazunguka mlango hadi mlango kunisafisha, na watu wakaanza kunisalimia tena kidogo kidogo.

Sasa nifike kwenye Jumapili iliyopita, ambayo nadhani ndiyo sababu ya simu zako zote hizi.

Lilikuwa tamasha la kwanza la kibali kipya. Walianza mchana. Nilimhamishia mama chumba cha mbele, nikamkalisha kwenye kiti chake, nikaziba madirisha kwa magodoro, lakini utaziba nini? Alikuwa ameshika meza ya cherehani, macho yamemtoka. Muziki ukakatika, msemaji wa klabu akashika kipaza sauti. Akashukuru wafadhili, akashukuru viongozi, kisha akasema kuna shujaa mmoja ambaye bila yeye kibali kisingepatikana, mwenyekiti wa tawi la mashabiki kutoka mbali, amesafiri kuwa nasi leo, mpigieni makofi Kipa wa Nje.

Nikajiambia wapo makipa wengi. Wewe Alhamisi ulikuwa umeniambia kazi imekubana, hutaweza kuja kumwona mama mpaka mwezi ujao.

Halafu ukasema, kaka. Sauti yako ilivuka ukuta ikaingia chumbani, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Ukasema klabu hii ndiyo iliyokulea. Ukasema wanaodai muziki unawaumiza wanatia chumvi, wewe unawajua, umezaliwa nyuma ya ukuta huu, na mama yako mzazi yuko hapo nyuma sasa hivi, anaburudika. Ukasema hata siku ya vipimo alilala fofofo, akakoroma. Watu wakacheka na kupiga makofi.

Nani alikuambia alikoroma? Ni mimi. Nililia nikikuambia, nawe ukayachukua machozi yangu ukaenda kuchekeshea uwanja.

Nimejaribu kukutafutia sababu. Ungekuwa umehongwa ningeelewa, ningesema dhiki imemshinda. Lakini fundi baiskeli, aliyekuwa ndani siku hiyo na aliyerudi ameshika jezi mkononi hajui aitupe wapi, aliwauliza mashabiki wenzake. Wakamwambia hukupewa hata soda. Ulipiga simu mwenyewe, kwa mapenzi tu, kuwaambia wageuze spika. Kwa hiyo ulituweka kwenye mizani, mama upande huu na klabu upande ule, ukachagua bure. Umeuza mechi ya nyumbani, kaka, na hata bei hukuitaja.

Sasa nikuambie ambalo hulijui, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mama alikusikia. Mdundo haukumtia hofu tena, aliachia meza. Akaniambia, kwa ulimi wake unaokwama lakini maneno yote yakiwa yamenyooka, kwamba mwanangu amekuja, fungua mlango. Hajawahi kusema sentensi ndefu hivyo tangu augue. Nikaogopa, nikamwambia ni redio. Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nimeiba sukari, akasema redio haimjui mama yako. Akarudia, fungua.

Nikafungua. Ningefanya nini kingine? Nikaondoa godoro, nikafungua mlango wa mbele wote. Akaniomba nimfunge kitambaa kichwani kile cha bluu ulichomletea. Tukakaa. Tamasha likaisha, watu wakaanza kumiminika barabarani, wanapita mbele ya mlango wetu, na kila aliyevaa jezi mama aliinua ule mkono mzima. Walipokwisha wote, mafundi wakabeba spika. Walipomaliza spika, mlinzi akafunga geti. Kutoka geti hilo hadi kizingiti chetu ni karibu hivi kwamba kibiriti kilichowashwa hakizimiki hata upepo ukivuma, ulikuwa ukisema hivyo wewe mwenyewe tukiwa watoto. Hukuja. Hata kupita hukupita, maana ningekuona.

Mwalimu alikuja kesho yake. Alikuwa amesikia, mtaa mzima ulisikia. Hakunilaumu. Alimsaidia mama kunywa uji, akanisaidia kukunja magodoro, kisha akaniomba nisihudhurie tena vikao, kwa kuwa wenzetu hawataweza kusema mambo yao mbele yangu. Nilimwambia naelewa. Nimeelewa kweli, lakini niliumia mpaka nikashindwa kutia uzi kwenye sindano.

Wakazi wamekata rufaa, na itasikilizwa kabla ya mwezi kwisha. Mimi sitakuwepo, neno langu limekwisha thamani. Lako bado lina thamani, kwa bahati mbaya. Ukitaka, njoo useme mbele ya afisa wa vibali kile ambacho mashabiki wanakijua tayari, kwamba ulijua siku ya vipimo na uliwaambia. Sikuombi uniombe radhi. Mimi nimekwisha kukulilia, nimemaliza. Na usiniulize kama nitakuacha uingie. Mlango ni wa mama, si wangu.

Msalimie wifi sana, mwambie nguo za watoto nimemaliza kuzishona na nitazituma kwa basi. Hao hawana kosa. Wabusu kwa niaba yangu na kwa niaba ya bibi yao.

Kabla sijafunga bahasha, kuna jambo dogo la mama. Wiki nzima sasa ameacha kukaa karibu na mlango wa mbele. Kila asubuhi ananiomba nimrudishe chumbani kwake na kumgeuzia kiti kielekee ukutani. Nilimuuliza anatazama nini pale, hakuna hata picha. Akaniambia anakusubiri, kwa sababu ndiko ulikosemea.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuapia.