Mishale Mitatu Kwenye Msonobari Mkavu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Reino Lahtela
Umri: Miaka 66
Kazi: Fundi mstaafu wa mabasi ya shule
Makazi: Barabara ya Kinu cha Zamani, Kivimaa, Rasi ya Juu, Michigan
Mahali: Kituo cha polisi Kivimaa
Tarehe na saa: 23 Oktoba, saa 4:10 asubuhi
Mwandikaji: Sajini J. Beaudry

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sajini ameniambia kuna watu watatu waliokuja hapa kusema kwamba mimi na Wilbert Tervo tuligombana Alhamisi iliyopita. Ni kweli, tuligombana. Naanzia hapo ili nisionekane naficha kitu.

Wilbert ana miaka 71. Tumewinda pamoja kwa upinde miaka thelathini na nane. Mimi ni mwenyekiti wa klabu yetu ya pinde za mbao. Kwetu hakuna darubini wala gurudumu kwenye upinde. Upinde unauchonga mwenyewe, mshale unaunyoosha mwenyewe. Mnamo tarehe 17 Oktoba, saa 1:30 jioni, Wilbert alisimama kwenye mkutano akaomba turuhusu vitaa. Ni taa ndogo sana inayochomekwa mkiani mwa mshale, pale unapokaa kwenye upote, ile kamba ya upinde. Upote ukiachia, taa inawaka yenyewe, na mshale unaweza kuufuata kwa macho mpaka unapotua.

Alisema, "Jamani, macho yangu yananiaga. Nikipiga siku hizi sijui mshale umekwenda wapi."

Nikamjibu, "Basi kaa nyumbani ucheze bingo. Mshale si mti wa Krismasi, bwana."

Watu wakacheka. Mkewe, Lorna, hakucheka. Aliniambia mbele ya wote, "Wewe Reino, unaongea kama vile macho yako ni ya kipanga, na sikio lenyewe moja limekufa." Hilo nalo ni kweli. Sikio la kushoto liliuawa na injini, na la kulia lina kifaa. Tukapiga kura, taa zikakataliwa, tisa kwa wanne. Wakati wa kutoka nilimwambia Wilbert kwamba nikimwona na taa msituni sitamjua. Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu mwenyewe.

Hata hivyo, mnamo tarehe 22 Oktoba, saa 9:00 alasiri, tulikwenda kuwinda pamoja kama kila mwaka. Ndani ya gari hatukuzungumza, tulikula tu mikate ya nyama aliyofunga Lorna. Tuliacha gari juu ya kilima. Yeye alikwenda kwenye kiti chake cha juu ya mti, ng'ambo ya bwawa la matope, nami nikabaki upande huu. Kati yetu ni kama mita mia tatu za vichaka vilivyoshonana. Kifaa changu cha sikio nilikiacha garini, kwa sababu upepo ukivuma kinapiga kelele kichwani. Wilbert alijua hivyo. Simu hazishiki kule chini.

Jua lilizama kama saa 12:45. Saa 1:04 jioni niliona taa nyekundu inapanda kutoka ng'ambo, juu ya vichaka, ikaenda kugota kwenye msonobari mkavu uliosimama pale, mrefu, mweupe, usio na gome. Nikajua ni Wilbert. Damu ilinichemka. Nilisema peke yangu, "Mzee huyu amezileta makusudi."

Sajini ameniuliza kwa nini sikwenda. Jibu ni hili. Kwetu, mwenzako akiachia mshale, unakaa ulipo nusu saa nzima. Kulungu aliyejeruhiwa hulala karibu akiachwa, lakini akisikia mguu wa mtu anakimbia mpaka anafia mahali ambapo hutampata. Niliwafundisha watu wengi sheria hiyo, na nimewafukuza wawili klabuni kwa kuivunja. Kwa hiyo nilitazama saa yangu nikakaa. Tena nitasema wazi: hata kama sheria isingekuwepo, hasira ingenikalisha.

Saa 1:15 taa ya pili ilipanda, ikatua kwenye msonobari uleule, shibiri moja juu ya ile ya kwanza. Hapo nikaamini kabisa kwamba ananikejeli. Hakuna mtu anayepiga kulungu aliye juu ya mti. Nilikuwa napanga matusi ya kumpa garini.

Saa 1:27 ikapanda ya tatu. Hii ilikwenda polepole kuliko zile, ikayumba, nikadhani itaanguka. Ikashika juu ya ile ya pili, shibiri nyingine. Taa tatu nyekundu zimesimama mstari mmoja kwenye ule mti mweupe, na giza lote chini yake.

Kila mwindaji wa huku anajua kwamba alama tatu ni kuomba msaada. Milio mitatu, mioto mitatu, filimbi tatu. Nilivua kofia, sijui kwa nini, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Kisha nikakimbia. Zilikuwa zimebaki dakika saba nusu saa iishe.

Nilifika saa 1:38, matope yakiwa kiunoni. Kipago cha ngazi yake kilikatika alipokuwa anashuka, na Sajini amekiona kimeoza. Wilbert alikuwa chali. Paja la kushoto lilikuwa limevunjika na kuvimba vibaya, na mbavu zilimzuia hata kunong'ona sawasawa. Mishale mingine yote ilivunjika chini yake alipoanguka. Ilibaki mitatu.

Nataka iandikwe jinsi alivyopiga. Kwa kuwa asingeweza kuinuka, aliweka mguu wake mzima kwenye tumbo la upinde, akavuta upote kwa mikono miwili, amelala mgongoni. Kutoka hapo mpaka msonobari nilipima baadaye, ni hatua thelathini na moja. Huyu ni mtu ambaye mchana hasomi kibao cha barabarani. Nilimwekea sikio la kulia mdomoni, akaniambia mshale wa kwanza aliupeleka kwenye weupe wa mti kwa kubahatisha, halafu akazimia. Alipozinduka aliona taa yake, akailenga hiyo. Akazimia tena. Mimi nimeshika upinde tangu nina miaka kumi, nina vikombe kabatini, na shabaha kama ile sijaiona wala siiwezi.

Aliniuliza, "Zote zimeshika?"

Nikasema, "Zote, Wilbert. Mstari mmoja."

Akasema, "Mimi naona moja tu. Moja nene."

Nilivua upote wa upinde wangu, nikaukata upinde vipande viwili kwa msumeno wa mfukoni, nikamfunga paja kwa vipande hivyo na mikanda yetu. Nilimfunika koti langu. Nikamwambia siwezi kumwacha peke yake gizani. Alisema, "Nenda bwana, acha ujinga. Mimi nina taa."

Nilipiga simu kutoka kilimani saa 2:05 usiku. Gari la wagonjwa lilifika saa 2:40. Waliniuliza njia ya bwawani nikawaambia hakuna njia, wafuate taa tatu. Walikwenda moja kwa moja hata hawakuniuliza mara ya pili. Mhudumu mmoja, mwanamke, aliniambia walipokuwa wanambeba kwamba damu ilikuwa inavujia ndani ya paja, na kwamba nusu saa zaidi wasingekuta mtu wa kubeba. Hakujua ananiambia nini.

Kuhusu vielelezo: vipande viwili vya upinde ni vyangu, sivihitaji. Mshale wa kwanza na wa pili ni ya Wilbert, taa zake zimezimika zilipong'olewa. Wa tatu ndio huu ulio mezani kwa Sajini, nao bado unawaka tangu jana. Naomba usizimwe mpaka tupate habari za hospitali. Sina sababu ya kisheria ya kuomba hivyo.

Nimekaa dakika ishirini na tatu nikimkasirikia mtu aliyekuwa ananiita. Kama hilo ni kosa, liandikwe kwa jina langu. Alhamisi ijayo nitaomba kura irudiwe, na mkono wa kwanza kuinuka utakuwa wangu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesomewa yote polepole, upande wa sikio zima, nami nakiri ndivyo nilivyosema.

Sahihi: R. Lahtela

MAELEZO YA AFISA

Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Sioni dalili ya jinai, kipago kimekatika kwa kuoza. Kielelezo Na. 3 kilikuwa kinawaka wakati wa kufunga jalada.

Nyongeza, saa 5:25 asubuhi: Bi. Lorna Tervo amepiga simu kutoka hospitali. Majeruhi ametoka kwenye upasuaji, mguu umeokolewa, na ameshazungumza. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama Reino alisubiri nusu saa. Bi. Tervo alimwambia dakika ishirini na tatu, kama Reino alivyomweleza kwa simu jana usiku. Majeruhi akasema, "Ishirini na tatu tu? Basi ananipenda."

Nilimfikishia shahidi maneno hayo kama yalivyo, nikiyasema kwenye sikio lake la kulia. Nilimwambia sasa anaweza kuizima ile taa. Hakuizima.

J. Beaudry, Sajini