Ulisema Haiumi

Mama,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na si wewe uliyenikasirisha. Usijali mwandiko.

Siku ile leso uliyojifunga kiunoni iliposhika moto jikoni, tukipikia wageni wa harambee ya kanisa, tulikuzima kwa blanketi, jirani akakupaka mafuta ya kupikia, tukakukimbiza hospitali. Ngozi ya paja lako ilikuwa nyeupe, kavu, ngumu kama ya mbuzi iliyoanikwa. Kando yako kwenye benchi alikaa kijana aliyemwagikiwa na chai mkononi, analia kama mtoto. Wewe ulikuwa unaniuliza kama kuku wamefungiwa.

Daktari alikuuliza kama unaumwa sana. Ukamjibu, "Haiumi, kijana wangu. Anza na huyo analia."

Na kweli akaanza naye! Halafu akakutazama kwa mbali, akaniambia, "Huyu mama yuko sawa. Ameungua juu juu tu." Ukapewa dawa ya kupaka na vidonge, tukarudi Kanyakine. Hukuwekewa dripu, hukulazwa. Hata kukugusa hakukugusa. Wiki haikuisha, homa ikakuchukua.

Jana nesi mmoja kutoka Embu alikuja kutufundisha akina mama kuhusu majeraha ya moto. Alisema tumwagie maji, tuache mafuta. Kisha akasema kuungua juu juu kunauma, malengelenge yanauma zaidi, lakini moto ukipenya hadi chini unaua hata mishipa ya kuhisi. Hapo mgonjwa hasikii kitu, na ndiye wa kushughulikiwa haraka. Nilitoka nje, Mama, kabla hajamaliza. Sisi wakulima kutojua hilo, sawa. Yule daktari alisomea nini? Pengine leo ungekuwa hapa unanigombeza.

Tena kuna hili. Baba na wazee wanataka kuweka msalaba wa simenti kaburini, na wameshaamua uandikwe "Alivumilia". Kwenye mazishi kila mtu alikusifu hivyo, eti mwanamke wa nguvu, hakutoa chozi. Hata mimi nilijivunia. Sasa neno hilo linanikera kabisa, maana linamsafisha yule daktari, kana kwamba uliumia ukamficha.

Halitaandikwa. Nitabishana na Baba, na mchungaji pia akitaka. Na nakuahidi nitarudi kwa yule daktari, nimwambie mbele ya benchi lake lote kile alichopaswa kukijua.

Pumzika, Mama. Hukuvumilia. Uliungua hadi usisikie.

Binti yako,
Kendi