Sanduku la Sukuma Lililotobolewa

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Parklands tu wazima, ingawa nyumba imekuwa kimya tangu nyanyako atutoke. Umeuliza kwa nini sukuma wiki zako za sandukuni zinashikwa na ukungu.

Zetu za kwanza pia zilioza. Mama yangu, aliyebaki Kitui, alikuwa ameapa kwamba sementi ya Nairobi haitatulisha, na Krismasi angekuja kujionea. Mimi, mtu wa Kitui kwenye ukame, ningeachaje maji yapotee? Nilimwagilia asubuhi na jioni.

"Baba Mutua, kwani unafuga samaki?" nyanyako akanicheka. Akatoboa sanduku chini, akatandaza kokoto, tukapanda upya kwa nafasi. Maji yakawa ya asubuhi tu, kwenye shina.

Krismasi mama alimaliza sahani mbili, kisha akaomba miche ya kupeleka Kitui. Nyanyako alimfungashia akiimba!

Toboa lako leo.

Babu yako